Vivimbe kando ya kitovu, na namna ya kuhamisha mchomo wa insulini

Swali: Shikamoo sista. Mume wangu ana miaka 47, tunaishi Muheza, naye huuza maziwa kwa baiskeli. Ana kisukari, na huu ni mwaka wa nne anachoma insulini ya mchanganyiko, ile ya kichupa, asubuhi na jioni. Alianza na yuniti 22 asubuhi na 12 jioni, sasa amefika 30 na 18, lakini sukari haitulii: leo iko juu, 17, kesho inashuka hadi 3.4 akiwa njiani na madumu. Siku zote huchoma kando ya kitovu kwa sababu anasema pale hapaumi. Nimeona pana vivimbe viwili laini. Je, nimkande kwa maji ya moto? Tumchome mkononi badala ya tumboni? Na kwa nini dozi inapanda na sukari haishuki?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua mengine yote, na kwa sababu umeshalijibu nusu bila mwenyewe kujua: umetaja vivimbe, na umesema pale hapaumi.

Insulini tunaiita dawa, lakini kwanza ni homoni, na mojawapo ya kazi zake mwilini ni kuziamuru chembe za mafuta ziweke akiba na kukua. Mtu anayejichoma mara mbili kwa siku kwa miaka minne amekwisha kujichoma mara zinazokaribia 3,000. Michomo hiyo yote ikiangukia eneo lisilozidi kiganja cha mkono, mafuta ya chini ya ngozi ya pale hunenepa, ndani yake hujengeka nyuzi za kovu, na mishipa midogo ya damu huwa haba. Hisia nazo hufifia, ndiyo maana haumii. Mumeo hajakuongopea, dada. Ila hakuna aliyemwambia kwamba ngozi iliyoacha kuuma baada ya kuchomwa miaka minne ni ngozi ya kuachwa, si ya kushukuriwa.

Sasa fikiria yuniti 30 zikiingia ndani ya kivimbe kama hicho. Ili ifanye kazi, insulini lazima itoke kwenye mafuta na kupenya hadi kwenye mishipa midogo ya damu. Mishipa ikiwa michache na nyuzi zikiwa nyingi, sehemu ya dawa huchelewa, sehemu nyingine hutoka kidogo kidogo, na hakuna awezaye kutabiri ni kiasi gani kitatoka saa ngapi. Daktari anaona 17 kwenye daftari, anaongeza yuniti. Mwezi unaofuata anaona 16, anaongeza tena. Halafu asubuhi moja mkono unakwenda vidole viwili pembeni, sindano inaingia kwenye ngozi nzima, na zile yuniti 30 zilizokuwa zikikwama kivimbeni zinafika zote kwenye damu kwa wakati wake. Hiyo ndiyo 3.4 ya njiani. Mlo, kazi na namna ya kuhifadhi dawa navyo huchangia sukari kuyumba, lakini mumeo angekuwa mbele yangu ningemshika tumbo kabla ya kufungua daftari lake.

Hili halimpati yeye peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 nchini Hispania, uliowachunguza watu 430 wanaotumia insulini, uliwakuta karibu theluthi mbili wana vivimbe vya namna hii. Wenye vivimbe walikuwa wakitumia wastani wa yuniti 56 kwa siku, wenzao wasio navyo 41. Kushuka kwa sukari kusikoelezeka kuliwapata takriban wanne katika kila kumi wenye vivimbe, ilhali kwa wasio navyo hawakufika mmoja. Tofauti ya zile yuniti 15 naiona sana kliniki, na inauma zaidi kwa familia inayonunua kichupa kwa fedha yake, kwa sababu insulini inayolipiwa haifiki inakotakiwa kwenda.

Sasa nakuomba usome aya hii mara mbili kabla ya kuendelea. Usimhamishe kesho asubuhi kwenda kwenye ngozi nzima akiwa na zile zile yuniti 30. Dozi hiyo ilipandishwa ili ishindane na kivimbe; ikiingia mahali pazuri itafanya kazi yote kwa mara moja, na mtu aliye juu ya baiskeli kwenye barabara kuu si mtu wa kujaribiwa hivyo. Desturi ya kliniki ni kushusha dozi siku ile ile mgonjwa anapoacha kivimbe, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 20, wengine wakahitaji zaidi, kisha kuirekebisha kwa kufuata vipimo. Kwa dozi ya 30, asilimia 20 ni yuniti sita, yaani kubaki na 24. Naitaja hesabu hii ili ujue ukubwa wa jambo lenyewe, si ili uifuate kwa kunisoma mimi. Nendeni kliniki mapema, msisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, mkamwambie daktari kwa maneno haya: "Ana vivimbe anapochomea, tunataka kuhama, tupangie dozi ya kuhamia." Kwa wiki mbili za mwanzo apime sukari kabla ya kifungua kinywa, kabla ya chakula cha mchana, kabla ya chakula cha usiku na wakati wa kulala. Najua vijiti vya kupimia vina bei. Kama havitoshi kwa mwezi mzima, basi vibanwe siku nyingine lakini visibanwe wiki hizo mbili.

Kabla ya kwenda kliniki, mkagueni nyumbani, kwa sababu vivimbe viwili vinavyoonekana kwa macho mara nyingi vina wenzao visivyoonekana. Fanya hivi baada ya kuoga. Alale chali, taa au mwanga wa dirisha uwe upande, si juu yake, ili kilichoinuka kitupe kivuli. Mpake povu la sabuni tumboni, kisha upitishe vidole vitatu vilivyonyooka kuanzia ubavuni kuelekea kitovuni, taratibu, kwanza bila kukandamiza na mara ya pili ukikandamiza kidogo. Ngozi nzima huteleza na kubonyea sawasawa. Ukifika kwenye kivimbe utahisi mkono unapanda kilima kidogo, au unagusa kitu kama ndizi mbivu ndani ya ganda lake, na wakati mwingine kitu kigumu kama mpira. Jaribu kuibana ngozi hapo kwa kidole gumba na cha shahada: penye uzima utapata mkunjo mwembamba, penye kivimbe mkunjo hukataa kukutana. Zungushia kila kivimbe duara kwa kalamu, upime upana wake kwa rula. Niliwahi kumkagua mzee mmoja aliyeniambia ana kimoja, "kidogo tu, kama kizibo cha soda". Tulipomaliza, tumbo lake lilikuwa na duara tano, na kubwa kuliko zote lilikuwa upande ambao mwenyewe aliapa hajauchoma mwaka mzima. Kagua na mapaja.

Ukishajua palipoharibika, ndipo tunaweza kuzungumza pa kuchoma. Sehemu zinazokubalika ni nne: tumbo, mapaja upande wa mbele na wa nje, makalio sehemu ya juu ya nje, na nyuma ya mkono kati ya bega na kiwiko. Hazilingani kwa kasi. Kwa insulini za kawaida za vichupa, tumbo hupeleka dawa kwenye damu upesi kuliko sehemu nyingine, mkono hufuata, kisha paja, na kalio ndilo la polepole zaidi. Tofauti hii hupungua sana kwa insulini mpya za analogia, yaani zile zilizobadilishwa kidogo muundo wake maabara, lakini ya mumeo ni ya mchanganyiko, ambayo kwa kawaida ndani yake mna sehemu 30 katika 100 za insulini inayofanya kazi haraka na 70 za ile ya mwendo wa kati, kwa hiyo kwake mahali pa kuchoma pana maana kubwa. Asubuhi anahitaji ile sehemu ya haraka ikamate kifungua kinywa, na hapo tumbo linafaa. Jioni shida yetu ni ile sehemu ya mwendo wa kati, ambayo hufikia kilele chake mtu akiwa usingizini; tukiichoma kwenye paja au kalio huingia polepole zaidi, na hatari ya sukari kushuka usiku wa manane hupungua.

Kwa mtu wa kazi nyingine ningeishia hapo. Kwa mwendesha baiskeli naongeza sharti: paja lisichomwe asubuhi hata siku moja. Msuli unaofanya kazi huvuta damu nyingi, na damu hiyo hupita jirani kabisa na mafuta yenye insulini, hivyo dawa iliyokusudiwa kutumika kwa saa kadhaa hukimbilia kwenye damu katika saa ya kwanza ya kukanyaga pedali. Wakulima wanaolima kwa jembe la mkono wana tatizo hilo hilo kwa mikono yao. Jioni, baiskeli ikiwa imeshaegeshwa, paja halina ubaya.

Kuhusu mkono, uliouliza, jibu langu ni hapana, angalau kwa sindano mnayotumia. Ngozi ya binadamu penye sehemu hizi za kuchomea ina unene wa wastani wa milimita 2 hadi 2.5 tu, awe mnene au mwembamba. Kinachotofautiana ni mafuta yaliyo chini yake. Kalamu za insulini, yaani vile vifaa vya kuchomea vyenye umbo la kalamu, zina sindano za milimita 4, ambazo karibu kila mtu anaweza kuzichoma zikiwa wima bila kugusa msuli, na mapendekezo ya wataalamu kutoka nchi zaidi ya 50, yaliyochapishwa mwaka 2016, yanazipa kipaumbele. Mabomba ya kuchota kutoka kwenye kichupa hayawezi kuwa na sindano fupi hivyo, kwa kuwa lazima ipenye kizibo cha mpira. Nyingi ni za milimita 8, na nyingine huvuka 12. Mwanamume anayebeba madumu kwa baiskeli kila siku ana mkono wenye msuli mwingi na mafuta kidogo. Sindano ndefu ikiingia wima hapo itafika kwenye msuli, na insulini ya msulini huingia kwenye damu kwa kasi isiyotarajiwa. Mkono pia una shida kwamba mtu hawezi kujibana ngozi na kujichoma kwa wakati mmoja. Niliwahi kuona watu wanaobana mkono kwa kuuegemeza kwenye kichwa cha kiti; nawasifu kwa ubunifu, lakini siwashauri.

Tumboni na pajani, kwa sindano ya bomba, abane ngozi kwa kidole gumba na kimoja au viwili vya mbele, si kwa kiganja kizima, kwa maana kiganja hukamata na msuli ndani yake. Sindano ikiwa ndefu, aiingize kwa mshazari, nusu ya wima. Asukume dawa taratibu hadi mwisho, asubiri kidogo, atoe sindano, ndipo aachie mkunjo. Kwenye kalio mafuta hutosha kwa kawaida, ila mwenyewe hawezi kufika vizuri, kwa hiyo hiyo itakuwa kazi yako wewe, kama mtakubaliana.

Sasa mzunguko wenyewe, ambao watu wengi huusikia kama "badilisha badilisha" wakaishia kuhama kutoka kulia kwa kitovu kwenda kushoto kwa kitovu. Huko si kuhama. Chora kwa fikra mstari wa wima na wa mlalo unaokutana kitovuni, upate sehemu nne za tumbo. Eneo lote kuanzia chini ya mbavu hadi juu ya kinena, na kwenda mbavuni hadi pale ngozi inapobanika, ni halali, isipokuwa vidole viwili kuzunguka kitovu na isipokuwa ndani ya duara ulizochora. Wiki ya kwanza michomo ya asubuhi iwe sehemu ya juu kulia, wiki ya pili juu kushoto, ya tatu chini kushoto, ya nne chini kulia. Ndani ya sehemu ya wiki hiyo, kila asubuhi asogee upana wa kidole kimoja kutoka alipochoma jana: asubuhi saba, mahali saba. Kama mumeo ni mchezaji wa bao ataelewa upesi, kwa sababu ni mwendo wa kusambaza kete: shimo hili, linalofuata, linalofuata, huruki wala hurudi nyuma, na ukimaliza upande huu unaingia mwingine. Mahali alipochoma Jumatatu ya leo patakuwa pamepumzika wiki nne kabla ya kuguswa tena. Jioni nako kuna sehemu nne: paja la kulia, paja la kushoto, kalio la kulia, kalio la kushoto, kila moja wiki yake, kwa mwendo ule ule wa kidole.

Kinachosaidia watu kukumbuka si akili bali daftari. Kwenye daftari lile lile la sukari aongeze safu moja nyembamba ya mahali: "T1" kwa tumbo sehemu ya kwanza, "P-kulia" kwa paja, na kadhalika. Faida yake huonekana baada ya mwezi, pale sukari za wiki moja zinapokuwa juu kuliko za wiki nyingine na mkaweza kuona kwamba wiki hiyo alikuwa sehemu fulani. Huenda hapo pana kivimbe ambacho vidole vyako vilikikosa. Katika utafiti ule wa Hispania, kati ya waliohamisha mchomo kwa usahihi ni asilimia 5 tu waliokutwa na vivimbe. Sijui dawa nyingine isiyo na gharama yenye matokeo kama hayo.

Hukuniambia bomba moja analitumia mara ngapi, nami nimeshazoea kwamba lisilosemwa ndilo huwa linaendelea. Kanuni ni sindano mpya kwa kila mchomo. Ncha ya sindano hizi ni nyembamba mno, imepakwa kilainisho, na kila ikitumika hupoteza makali na kilainisho chake, ikaanza kuchanachana mafuta. Kurudia rudia sindano ni jirani wa karibu wa vivimbe. Najua pia kwamba mabomba hayapatikani kila mara kwa idadi inayotakiwa. Kama analazimika kurudia, aombe kliniki impe mengi iwezekanavyo, kila moja alitumie mara chache kabisa, alifunike, asilifute kwa spiriti kwani huondoa kilainisho, na alitupe mara tu linapoanza kuuma au kukwaruza. Asichangie na mtu yeyote, hata ndugu wa damu. Yaliyotumika yakae kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, irudishwe kituo cha afya ikijaa. Hakikisheni pia kwamba bomba limeandikwa 100 kama kichupa kilivyoandikwa 100, yaani yuniti 100 kwa kila mililita. Bomba la aina nyingine lina mistari ya hesabu nyingine.

Na kwa kuwa ni muuza maziwa, naongeza hili la kichupa. Insulini ya mchanganyiko hutuama, ikaacha unga chini na maji juu. Asipoichanganya, leo atachota maji na kesho unga, na hata ngozi nzima haitamwokoa na sukari inayoyumba. Lakini asiitikise kama anayesukasuka maziwa ya mgando kwenye kibuyu, kwa sababu povu huharibu kipimo. Akiviringishe kichupa kati ya viganja mara kumi, kisha akipindue juu chini taratibu mara kumi, mpaka rangi iwe nyeupe sawasawa. Kilichohifadhiwa penye baridi kiache kwanza ubaridi wake uishe. Dawa baridi huuma, na maumivu ndiyo humrudisha mtu kwenye kivimbe.

Kumkanda kwa maji ya moto, hapana. Joto na kukandakanda havitayeyusha mafuta yale, lakini vinaweza kuisukuma insulini iliyobaki pale iingie kwenye damu ghafla. Kwa sababu hiyo hiyo asisugue mahali alipotoka kuchoma. Kivimbe hupungua kwa kuachwa: vingine hulainika ndani ya wiki kadhaa, vingi huchukua miezi, na vya zamani sana huenda visiishe kabisa. Duara za kalamu zikifutika, zichore tena, upime tena kwa rula kila mwezi. Asikirudie hata kama kinaonekana kimekwisha, mpaka muuguzi akiguse na kusema.

Wakati wa kuhama, sukari kushuka ndiyo hatari yenu kubwa. Ikiwa chini ya 4, au akianza kutoka jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, au kusema maneno yasiyoeleweka, asishuke tu kwenye baiskeli akapumzika. Anywe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida yenye sukari, apime baada ya dakika 15, arudie kama bado, kisha ale chakula. Maziwa anayobeba yana sukari yake lakini hufanya kazi polepole, hivyo asiyategemee. Awe na sukari kwenye mfuko wa shati, si kwenye kapu la nyuma. Akipoteza fahamu msimnyweshe kitu. Mlazeni ubavu na mkimbizeni kituo cha afya.

Siku mtakayokwenda kliniki, mwambie asioge akazifuta zile duara. Avue shati, azionyeshe, na daktari azishike kwa vidole vyake kabla ya kuandika idadi ya yuniti.